Chipu iliyoharibika ikiwa imezimwa: kisa cha CMS cha 2017

Mwanzoni mwa 2017 watu wa CMS, moja kati ya vigunduzi vikubwa vya chembe kwenye mashine ya kugonganisha protoni ya LHC pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, walitoa kigunduzi chao cha zamani cha pikseli wakaweka kipya, kazi iliyotayarishwa miaka mingi. Mei migongano ikaanza, data ikaingia, mambo yakawa sawa. Kufika mwanzo wa Oktoba konvata za umeme (vifaa vya kushusha volti) zilizo ndani ya hicho kigunduzi kipya zikaanza kufa, leo moja kesho nyingine, bila mpango unaoeleweka, na mpaka mashine inafungwa mwisho wa mwaka karibu asilimia 5 zilikua zishakwenda, katika konvata kama 1,200. Kitu kipya, kimepimwa, kimepasi mitihani yote, kinakufa. Na waliokitengeneza hawajui kwa nini.

Hiki ndo kisa ninachotaka kukichambua hapa kirefu. Tumekipitia hapa Malindi, jioni jioni pale Maweni nyuma ya duka la sola, mafundi wa inverta na friji, wanafunzi wa sekondari, dada mmoja anayesoma fizikia Pwani University kule Kilifi, na mzee mmoja aliyefanya kazi ya redio melini. Nilikichagua badala ya habari ya chembe ya Higgs iliyogunduliwa 2012 ambayo kila mtu anaisimulia, manake kwenye Higgs mtu anashangaa halafu anakwenda zake, lakini hapa fundi anaweza kushika kila hatua kwa mkono wake: waya, volti, sumaku, kapasita, swichi. Na maswali waliyouliza mafundi yamenifanya nikione kisa chenyewe vizuri zaidi, ndo mana mengine nitayataja.

Kwanza kwa nini walibadilisha. LHC ni mduara wa kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ndani yake vifurushi vya protoni vinakutana kila nanosekunde 25, yani mara milioni 40 kwa sekunde, na kila vikikutana hazigongani protoni mbili tu, ni migongano makumi kwa mpigo mmoja. Kigunduzi cha pikseli ndicho kilicho karibu kabisa na hapo, tabaka lake la ndani liko chini ya sentimita 3 kutoka katikati ya bomba, na kazi yake ni kuonyesha kila chembe imepita wapi ili ijulikane imetoka kwenye mgongano upi. Cha zamani kilikua na pikseli milioni 66 na kilichorwa kwa kiwango cha migongano ambacho LHC ilikua ishakipita, inaelekea mara mbili yake. Migongano ikizidi, wa kwanza kulemewa si sensa, ni elektroniki: chipu ya kusomea ina bafa ndogo ya kuhifadhi alama mpaka iambiwe kama zinatakikana au zitupwe, na bafa ikijaa alama zinapotea, na zinazopotea zaidi ni za tabaka la ndani ambalo ndilo la thamani kuliko yote. Kwa hiyo kipya kikaja na pikseli milioni 124, matabaka manne badala ya matatu, diski tatu kila upande badala ya mbili, na chipu mpya zinazotoa data kwa dijitali badala ya analogi ya zamani.

Sasa pikseli karibu mara mbili zinataka umeme karibu mara mbili, na kwangu mimi kisa kinaanzia hapa, hakianzii Oktoba. Kebo za umeme zinatoka kwenye makabati yaliyo mbali, zinapita makumi ya mita mpaka ndani ya sumaku, na kebo hizo zilikua zishalazwa zamani, juu yake kumewekwa mitambo mingine, hakuna wa kuzifukua katika mapumziko ya miezi michache. Wayaring ya zamani, mzigo mpya. Fundi wa sola hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ukiwa na paneli juu ya paa la hoteli na kazi iko kule nyuma jikoni, ukisukuma volti 12 kwa waya mrefu mwembamba umeme mwingi unaishia kupasha waya moto, ndo mana watu wanapeleka kwa volti ya juu, mkondo unapungua, kisha wanashusha pale pale penye kazi. Hasara kwenye waya inakwenda kwa mkondo mara mkondo, ukiugawa mkondo kwa tatu hasara inagawika kwa tisa. CMS walifanya hivo hivo. Kebo zile zile zikapewa volti kama 11, na karibu na moduli, yani vile vipande vya kigunduzi vyenye sensa na chipu zake, zikawekwa konvata za kushusha mpaka volti 2.4 upande wa analogi na 3 na kitu upande wa dijitali.

Lakini konvata ya dukani haifai pale. CMS ina sumaku ya tesla 3.8, na konvata ya kawaida koili yake imezungushwa juu ya kiini cha feraiti, kwenye sumaku kali kama hiyo kiini kinashiba na koili inabaki kama haina kitu ndani. Ikabidi koili ya hewa tupu. Koili ya hewa ni dhaifu kwa hiyo swichi ya konvata lazima iende mbio, zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, na swichi inayoenda mbio hivo inatoa kelele ambayo sensa za karibu zitaisikia, ikabidi kila konvata ivishwe kikinga. Bado mionzi. Chipu ya ndani ya konvata inaitwa FEAST, ilibuniwa CERN wenyewe kwa kazi hizi, inapokea volti 5 mpaka 12, inatoa hadi ampea 4, na ilipimwa ikastahimili mionzi ya zaidi ya megaradi 200 (radi ni kipimo cha mionzi inayomezwa na kitu, megaradi ni radi milioni). Bodi zenyewe za konvata zilitengenezwa na watu wa chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani. Nataka msomaji aishike hiyo megaradi 200 manake tutairudia.

Mzee wa redio akaniuliza hapo, "Mwalimu, hiyo namba walipima chipu ikiwa inafanya nini?" Nikamwambia tusubiri tufike, lakini moyoni nilijua amekwisha kukamata mkia wa kisa kizima.

Upande wa pili wa kisa uko kwa timu nyingine kabisa. Kila moduli ya pikseli ina chipu inayoitwa TBM, hiyo ndo inayokusanya data kutoka kwa chipu za kusomea na kuipanga foleni itoke. Chembe ikiipiga TBM pahala pabaya biti moja inageuka, sifuri inakua moja. Hilo si la ajabu, elektroniki yoyote iliyo karibu na mwale inapigwa hivo, linatarajiwa, na dawa yake ni kuirisetia. Lakini kwenye TBM hii kulikua na kipande ambacho riseti haikifikii. Biti ya hapo ikigeuka moduli inanyamaza, unairisetia, kimya, unairisetia tena, kimya. Dawa ni moja tu, umkatie umeme kisha umrudishie. Na tabaka la ndani kwa vile ndilo linalopigwa zaidi ndilo lililokua likinyamaza zaidi.

Utakata umeme vipi? Kebo moja ya nje inalisha moduli nyingi pamoja, ukiikata huko utazima eneo zima na kuliwasha upya kunakula muda wa data. Lakini FEAST ina pini ya kuizima na kuiwasha kwa amri kutoka chumba cha kuendeshea. Hiyo ni nzuri sana, unazima konvata za moduli iliyonyamaza peke yake, unaziwasha, moduli imeamka, wengine hawajui kama kuna kitu kimetokea. Ikawa ndo kawaida. Ikawa inafanywa mara kwa mara, na kadiri LHC inavyoongeza migongano ndivyo moduli zinavyonyamaza zaidi na ndivyo pini ile inavyotumika zaidi.

Halafu Oktoba. Konvata inazimwa kama kawaida, inaambiwa iwake, haiwaki. Haijafa ikiwa katikati ya kazi, la, imelazwa ikakataa kuamka. Nyingine zikaja kuonekana bado zinafanya kazi lakini zimeumia, zikizimwa zinaendelea kuvuta mkondo ambao hazikutakiwa kuvuta.

Pale Maweni nilisimamisha hadithi hapo makusudi, nikawaambia haya, nyinyi ndo mafundi, mteja amekuletea hii, utashuku nini. Kaka wa inverta akasema spaiki, kila ukiwasha volti inaruka juu kidogo, siku moja inatoboa. Mwengine akasema joto, kigunduzi kinapozwa kwa kabonidioksidi chini ya sifuri, ukizima na kuwasha vitu vinanywea na kutanuka, solda inapasuka. Mwengine akasema mzigo mbovu wa chipu kutoka kiwandani, bachi moja. Dada wa Kilifi akasema mionzi, na kijana mmoja akamjibu mionzi haiwezekani, si walisema megaradi 200, na huko ndani miezi mitano haijafika hata karibu.

Nikawaambia kila mmoja achukue wazo lake alipambanishe na mambo matatu yanayojulikana. Moja, toka Mei mpaka Septemba pini ile ilitumika na hakuna iliyokufa. Mbili, konvata mpya ambayo haijaonja mionzi, ukiiweka mezani ukaizima na kuiwasha utakavyo, haifi. Tatu, zinakufa baada ya kuzimwa tu. Spaiki peke yake inaangukia kwenye la pili. Solda pia, na bachi mbovu pia, manake mezani zingekufa. Mionzi peke yake inaangukia kwenye la tatu, manake mionzi haichagui konvata iliyozimwa. Kilichobaki ni kitu ambacho watu wa CMS walifika hapo na ikawasumbua: lazima yawe mawili pamoja, mionzi kidogo na kuzimwa. Lakini konvata iliyozimwa inaumizwa na nini? Haifanyi kazi, haina mzigo, haina joto. Sisi mafundi kwetu kitu kilichozimwa ndo kiko salama.

Hapa niseme pia madhara yaliyofuata manake wengi wakisimulia kisa hiki wanayaruka. Konvata ikifa moduli inakosa umeme wa volti ya chini, lakini sensa yake bado inalishwa volti ya juu, mamia ya volti, kwa laini ambayo inashirikiana na moduli nyingine zilizo hai, kwa hiyo huwezi kuikata bila kuziumiza na hizo. Sensa yenye volti ya juu inaendelea kuvujisha mkondo kwenye chipu ya kusomea ambayo haina umeme wa kujitetea, na chipu nayo inaharibika polepole. Yani konvata imekufa na inaua moduli iliyoko nyuma yake. Kwenye tabaka la ndani moduli kadhaa ziliharibika hivo.

Desemba mashine ikafungwa. Sasa hapa ndo pahala ambapo mimi nakipenda kisa hiki hasa, na hapa ndo tulibishana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Jiweke pahala pao. Sababu haijajulikana. Una miezi michache tu kabla protoni hazijarudi. Chipu bora kuliko ile haipo, kuibuni mpya na kuitoa kiwandani ni zaidi ya mwaka. Unaweza kuacha kigunduzi ndani kikiwa na asilimia 5 imekufa na nyingine nyingi zimeumia, au ukitoe nje, kitu laini kama kile, ubadilishe konvata zote uweke mpya za aina ile ile ambayo imeshakufa mikononi mwako.

Walikitoa. Wakabadilisha zote. Aina ile ile.

Kaka wa inverta hakukubali kabisa, akasema yeye hawezi kumrudishia mteja kitu akiwa hajui kilichokiua, kesho atakuja nacho tena na jina lake fundi litaharibika. Nikamwambia maneno yako ni ya kweli kwa mteja wa mjini ambaye unaweza kumwambia aje wiki ijayo. LHC haisubiri, data ya 2018 ikipita imepita. Lakini ukiangalia vizuri hawakuirudisha vile vile. Walibadilisha maisha yake. Volti ya kuingilia wakaishusha kutoka 11 hivi mpaka 9, ili chochote kinachoiumiza kipate nguvu ndogo, na ile pini ya kuzimia wakaiharamisha. Moduli ikinyamaza, umeme unakatwa huko nje kwenye makabati, kundi zima linazima na kuwaka, muda unapotea, wanaukubali. Walikua hawajui ugonjwa lakini walijua unaingilia mlango gani, wakaufunga mlango.

2018 nzima hakuna konvata iliyokufa kwa ugonjwa ule. Mimi naona uamuzi ule ni ufundi wa hali ya juu kabisa, sawa na kubuni chipu yenyewe, na inanikera kidogo kwamba kwenye mihadhara unapewa sentensi moja halafu watu wanakimbilia kwenye sababu.

Haya, sababu. Ilipatikana mwaka huo huo wa 2018, kwa kuziweka FEAST kwenye mionzi ya eksirei maabara CERN, safari hii zikiwa zimezimwa. Ndani ya chipu kuna transista zinazostahimili volti ya juu, ambazo zinasimama kati ya ile volti 11 ya nje na sakiti za ndani zinazotaka volti 3.3 basi. Mionzi inapopita kwenye transista inaacha chaji imenaswa kwenye tabaka la oksidi, na chaji hiyo inafungua kanjia kadogo pembeni ambako mkondo unapita hata kama transista imefungwa. Unavuja. Kidogo sana. Chipu ikiwa inafanya kazi hakuna shida, sakiti za ndani zinautumia mkondo ule na volti inabaki pale pale 3.3. Lakini ukiizima, sakiti za ndani zinaacha kunywa umeme, na ule mkondo unaovuja hauna pa kwenda. Unaingia kwenye kapasita, volti ya kapasita inapanda, 3.3, 4, inaendelea kupanda, na transista ndogo za ndani ambazo hazikuumbwa kwa volti hizo zinaumia. Ukiacha imezimwa muda mrefu unaipa muda zaidi wa kupanda. Ukija kuiwasha, imekwisha.

Nilipomaliza kuchora hiyo ubaoni mzee wa redio akasema tu, "Haya, sasa nijibu lile swali langu." Na jibu ni kwamba vipimo vya mionzi vilifanywa chipu ikiwa inafanya kazi, imebeba mzigo, kama inavyoishi muda wake karibu wote. Megaradi 200 ni za kweli kabisa, hakuna aliyedanganya. Ni megaradi 200 za chipu iliyoamka.

Na kuna jambo jengine linalohusu kiasi cha mionzi, ambalo mtu asiyezoea vitu hivi linamkwaza. Tumezoea kufikiri mionzi ni kitu cha kulimbikiza, ikiwa chipu imeishi megaradi 200 basi megaradi moja ni mchezo. Kwenye uvujaji wa transista si hivo siku zote. Chaji chanya inanaswa kwanza na kufungua ile njia, halafu mionzi ikizidi kunajengeka chaji nyengine kwenye mpaka wa silikoni na oksidi inayoifunga tena, kwa hiyo uvujaji unapanda, unafika kilele mapema, kisha unashuka. Ukipima mwanzo na mwisho tu unaweza kuruka kilele chote. Majirani zao ATLAS, watu wa kigunduzi kingine kikubwa cha LHC, waliliona jambo la ukoo huo huo 2015, kwenye tabaka lao jipya la ndani liitwalo IBL, mkondo wa chipu za kusomea ulianza kupanda ghafla mionzi ikiwa bado kidogo, wakalazimika kuchezea joto na volti mpaka kilele kipite. Chipu tofauti, teknolojia tofauti, lakini fizikia ya oksidi ni moja.

Kwa hiyo nani alikosea? Hili ndo lilileta ubishi mkubwa. Vijana walitaka kumlaumu aliyebuni FEAST. Mimi nasema tazameni vizuri. Kama TBM ingekua na riseti inayofika kila pahala, pini ile ya kuzimia ingetumika mara chache sana na huenda uvujaji ule usingejulikana mpaka leo. Kama FEAST ingekua na njia ya kumwagia mkondo unaovuja, TBM ingenyamaza itakavyo na dawa yake ingekua rahisi na salama. Kasoro mbili, kila moja peke yake inavumilika, kila moja ilikua kwa timu yake, na ya kwanza ndo iliyowasukuma watu kuikanyaga ya pili kila siku. Hakuna karatasi ya vipimo ya timu yoyote ambayo ingezikutanisha. Dada wa Kilifi alisema kitu hapo nimekiandika: kila timu ilipima kitu chake kinavyofanya kazi, hakuna aliyepima kitu chake kinavyosaidia kitu cha mwenzake kilichokwama. Nakubaliana naye, isipokua naongeza kwamba anayeendesha kigunduzi ndiye wa pekee anayeziona zote mbili, na kawaida analetwa kwenye mazungumzo wakati vitu vishajengwa.

Kijana mmoja wa Ngomeni akauliza yote haya yanatuhusu nini sisi. Swali zuri, wala sikulichukia. Nikamwambia wewe unatoka Ngomeni, ukisimama ufukweni kwenu unaiona ile mitambo ya San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, pale ndipo ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kutazama nyota kwa eksirei, ikaitwa Uhuru, jina la Kiswahili. Ndani yake kulikua na kigunduzi, visanduku vya gesi vyenye nyaya, chembe ya eksirei ikiingia inatoa chaji na elektroniki inaihesabu. Ikaonyesha mambo ya Cygnus X-1, chanzo cha eksirei huko angani, yaliyosaidia watu kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli, ikafanya kazi mpaka Machi 1973, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo akapewa Nobel 2002. Kigunduzi kile kikishaondoka kwenye jukwaa hakuna mtu angeweza kukifuata kubadilisha konvata. Watu wa CMS angalau Januari 2018 waliweza kukivuta chao nje. Kwa hiyo ufundi wa elektroniki isiyofikika umepita mlangoni kwenu kabla babako hajaoa.

Matengenezo yenyewe yalikuja kwenye mapumziko marefu ya LHC, 2019 mpaka 2021. FEAST ikatolewa toleo jipya, kasoro imezibwa ndani ya chipu ili mkondo unaovuja usiweze tena kupandisha volti, na konvata zote zikabadilishwa. Tabaka la ndani la pikseli likajengwa upya lote, na TBM yake mpya inarisetika mpaka kile kipande kilichokua hakifikiki. Julai 2022 migongano ikarudi. Napenda kwamba walitibu pande zote mbili, manake ingekua rahisi sana kusema FEAST imepona basi TBM tuiache hivo hivo.

Kinachokuja sasa ni kikubwa zaidi. LHC yenyewe inaongezwa nguvu, kila vifurushi vikikutana inatarajiwa migongano 140 mpaka 200, na CMS inataka kusoma data zake mara 750,000 kwa sekunde badala ya 100,000 za sasa. Elektroniki karibu yote inabadilishwa. Mrithi wa FEAST anaitwa bPOL12V na atalisha vigunduzi vya nje vya silikoni. Lakini kwa pikseli wameamua kuachana na konvata kabisa, mionzi ya pale ndani itafika kama gigaradi moja, yani megaradi elfu, hakuna konvata ya aina hii inayoishi hapo. Badala yake moduli zinafungwa kwa sirizi, mkondo mmoja unatoka nje unapita kwenye moduli ya kwanza, unatoka unaingia ya pili, hivo hivo mpaka ya mwisho, kwa hiyo kebo moja nyembamba inalisha mnyororo mzima.

Kaka wa inverta aliposikia sirizi akasimama kabisa. "Sasa mwalimu, moja ikikatika si zote zinazima? Hawa wamejifunza nini?" Jibu liko ndani ya chipu ya kusomea yenyewe. Kila chipu imepewa regyuleta inayochukua mkondo inaoutaka na kuupitisha pembeni uliobaki, na kila moduli ina chipu kadhaa zilizofungwa sambamba, moja ikifa zile nyengine za moduli hiyo hiyo zinaubeba mkondo wake mnyororo usikatike. Akauliza zinaubeba mpaka kiasi gani, na joto la ziada linakwenda wapi, na mtu akipima chipu hizo atazipima zikiwa nzima zote au atamuua mmoja makusudi aone wenzake wanafanyaje. Hilo la mwisho nilimwambia ndo swali la kuanzia, achukue chaki.